Jirani asiye mwanachama wa kikundi cha kufa na kuzikana ni wa nani?

Katibu wa Kikundi, Tabora Mjini

Salaam kwenu nyote. Ninaishi katika mtaa mmoja wa pembezoni mwa mji wa Tabora, na kwa miaka kadhaa sasa nimekuwa katibu wa kikundi chetu cha kufa na kuzikana. Swali langu ni hili: jamii inapouandika wajibu wake katika katiba, ikaweka ada, faini na daftari la mahudhurio, inakuwa imeuhifadhi ujirani, au imeuondoa na kuweka kitu kingine mahali pake?

Mwaka huu alifariki mpangaji mmoja, fundi viatu, aliyekuwa na chumba katika nyumba ya uani. Alikuwa mtu wa Kasulu, hakuwa na familia hapa, na karibu kila mtu alimfahamu kwa sababu alifanyia kazi zake chini ya mwembe ulio kando ya barabara. Hakuwa mwanachama. Katiba yetu inasema wazi kwamba turubai, viti, masufuria na mchango wa rambirambi ni kwa ajili ya mwanachama, mwenzi wake, watoto wake na wazazi wa pande zote mbili, tena mwanachama awe amelipa ada kwa miezi sita mfululizo. Usiku ule kundi letu la simu lilijaa ujumbe. Mmoja aliandika kwamba tukimzika huyu kwa mali ya kikundi, mwezi ujao hakuna atakayelipa ada. Mwingine aliuliza ni nani anayelijua jina la baba yake marehemu, na hakuna aliyejibu. Ufunguo wa stoo ulibaki kwa mtunza vifaa. Mwenye nyumba, vijana wawili wa bodaboda na imamu wa msikiti wa jirani ndio waliofanya kila kitu, tangu kumwosha hadi kumfikisha makaburini, na ndugu zake walifika kutoka Kasulu akiwa ameshazikwa.

Wanaoutetea msimamo wa kikundi si watu wabaya, na hoja yao ina uzito. Kabla ya katiba, michango ilitegemea huruma na aibu, na wapo waliokula katika misiba ya wenzao kwa miaka mingi kisha wakaadimika ilipofika zamu yao ya kutoa. Daftari lilikomesha hilo. Lakini daftari hilohilo limeleta jambo jingine ambalo mimi, kama mtu ninayelijaza, naliona kila mara. Faini ya kutohudhuria mazishi ni shilingi 5,000. Kwa wenye mishahara na maduka, faini hiyo imegeuka kuwa kama nauli: wanaituma kwa simu asubuhi ya mazishi, kabla hawajaulizwa, na wanaona wajibu umekwisha. Wanaofika makaburini bila kukosa ni wale ambao kwao shilingi 5,000 ni fedha nyingi.

Wazee wa mtaa wanasema utu umekufa, na vijana wanasema wazee wanasimulia enzi ambazo hazikuwahi kuwapo. Ningependa kuwasikia waliosomea mambo haya pamoja na wenyeji wa mkoa huu: ni kitu gani hasa tulichopoteza, na kilianza kupotea lini?

Mwalimu Mstaafu, Cheyo

Ndugu Katibu, jambo ulilolieleza limewashughulisha wanazuoni kwa zaidi ya karne moja, na kabla hatujakubali kwamba utu umekufa ni vizuri tuone walivyolipambanua.

Mwaka 1887 Mjerumani Ferdinand Tönnies alitofautisha namna mbili za watu kuishi pamoja. Ya kwanza ni ya watu wanaoungwa na damu, ardhi na mazoea. Ya pili ni ya watu wanaoungwa na mapatano na maslahi, kila mmoja akijua anachotoa na anachotarajia kupata. Ulaya wakati huo ilikuwa inahama kutoka ya kwanza kwenda ya pili kwa kasi, kwa sababu viwanda na reli vilikuwa vinawatoa wakulima vijijini na kuwajaza katika miji ambamo hakuna aliyejua mwenzake ni mtoto wa nani. Émile Durkheim, Mfaransa aliyezaliwa mwaka 1858 mjini Épinal katika ukoo wa marabi, aliliangalia badiliko hilohilo bila kulililia sana. Katika utafiti wake wa mwaka 1893 alisema kwamba watu wasiofanana kwa kazi wanaweza kushikamana kwa sababu kila mmoja anamhitaji mwenzake. Hata hivyo alitoa tahadhari inayokihusu kikundi chenu moja kwa moja: mkataba peke yake haumshiki mtu, kwa kuwa nyuma ya kila mkataba kuna mambo yasiyoandikwa yanayoufanya uheshimiwe, na mambo hayo yakiondoka, maandishi hubaki kuwa njia ya kutafuta mwanya.

Mwaka 1897, alipochunguza kwa nini watu hujiua, Durkheim alitenganisha mambo mawili ambayo sisi katika mazungumzo ya kawaida huyachanganya. La kwanza ni mtu kuunganishwa na wenzake, yaani kuwa na mahali ambapo kukosekana kwake kutaonekana. La pili ni mtu kuwekewa kipimo, yaani kujua kiasi anachoweza kukitamani na njia inayokubalika ya kukipata. Hali ya kukosa kipimo ndiyo aliyoiita anomia. Alionyesha kwamba idadi ya waliojiua ilipanda baada ya mitikisiko ya fedha, kama ule wa Vienna wa mwaka 1873 na ule wa soko la hisa la Paris wa mwaka 1882, lakini pia ilipanda nyakati za neema ya ghafla, huku nchi maskini zikiwa na idadi ndogo. Umaskini peke yake, kwa hiyo, haukuwa maelezo. Kilichowaumiza watu ni kipimo cha maisha kubadilika ghafla, kwenda juu au chini, kabla jamii haijatengeneza kingine.

Tukitumia utengano huo, mtaa wako hauna ugonjwa wa kukosa kanuni. Mna kanuni nyingi kuliko walizokuwa nazo babu zenu, tena zimepigwa chapa na kugongwa muhuri. Kilichopungua ni idadi ya watu ambao kanuni hizo zinawahusu. Anayetaka kuiona anomia yenyewe asiende makaburini, aende Urambo au Kaliua msimu wa malipo ya tumbaku. Mkulima aliyeishi kwa mkopo wa pembejeo tangu kitalu hadi bani, yaani banda la kukaushia majani, hupokea fedha za mwaka mzima kwa mkupuo mmoja, katika mji mdogo ambao wafanyabiashara wake wameshaanza kumngojea. Nimewaona wanaume wenye akili timamu wakioa mke wa pili, wakinunua pikipiki na kuhamia nyumba ya wageni ndani ya majuma machache, kisha wakarudi nyumbani kukopa mahindi. Hakuna aliyewafundisha kuishi na fedha ya namna ile, kwa sababu wazazi wao hawakuwahi kuipata. (Wake zao, nikumbushe, walilima na kusokota majani yaleyale.)

Jambo la mwisho. Mwaka 1902, alipoandika utangulizi mpya wa utafiti wake wa awali, Durkheim alipendekeza tiba ambayo wengi huisahau. Aliona kwamba familia ni ndogo mno na serikali iko mbali mno, hivyo kati yake panahitajika vyama vya watu wa kazi moja, vyenye uwezo wa kumwonya mtu na kumfariji. Ndiyo maana vijana wawili wa bodaboda katika maelezo yako wamenivutia kuliko katiba yote. Sidhani kama walikuja kwa sababu ya mtaa. Nahisi kijiwe chao kiko chini ya mwembe uleule.

Mjukuu wa Mpagazi, Kanyenye

Mwalimu, shikamoo. Nimenufaika na maelezo yako, ila sioni sababu ya kuanzia Ufaransa wakati mji huu ulikabiliwa na swali la Katibu kabla Durkheim hajazaliwa.

Tabora haikuwahi kuwa kijiji cha watu wa ukoo mmoja kilichoharibiwa na usasa. Burton na Speke walipofika hapa mwaka 1857, wakati huo pakiitwa Kaze, walikuta makao ya wafanyabiashara Waarabu na Waswahili katikati ya Unyanyembe, nchi ya mtemi wa Wanyamwezi, pamoja na wapagazi waliokuwa wakiingia na kutoka kwa mamia. Wanyamwezi walitembea na mizigo hadi Bagamoyo na kurudi, na wengine wakaelekea magharibi hadi Ujiji. Safari ilichukua miezi, na watu walikufa njiani kwa homa, ndui na njaa. Swali la nani amzike mtu ambaye kwao ni mbali lilikuwa swali la kila msafara.

Sehemu kubwa ya jibu ilikuwa utani. Leo tunaufahamu kama mzaha wa kutaniana katika mabasi na maofisini, na tumesahau kwamba ulikuwa na kazi ngumu. Mnyamwezi aliyefika kwa Wazaramo alikuwa na watani huko, nao walikuwa na watani huku. Mtani alikuwa na haki ya kukutukana na kuchukua kitu chako, na papo hapo alikuwa na wajibu wa kukusitiri ukifa. Ndiyo maana hadi leo katika misiba ya wazee wa hapa, wenyewe wenye msiba wanalia, na mtani ndiye anayesimamia shughuli, anafanya vichekesho vya kumwigiza marehemu, anadai chake, na hakuna anayekasirika. Naomba mlione jambo hili vizuri: utani haukumtaka mtu afahamike. Ulitosha ukabila wake, na mengine yalifuata. Fundi wa Kasulu angekuwa na mtu wa kumzika kabla hata jina la baba yake halijaulizwa.

Reli ya kati ilifika hapa mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, upagazi ukafa, na pamoja nao ikafa ile haja ya kila siku iliyoupa utani nguvu. Mwaka 1963 utemi ukafutwa kisheria. Kisha tukapata nyumba kumi kumi chini ya TANU, na hapa nitasema jambo ambalo wengine hawatalipenda. Balozi wa nyumba kumi, pamoja na udhaifu wake wote wa kuingilia mambo ya watu, alikuwa anamhesabu kila aliyelala katika nyumba zake, awe mwenye nyumba au mpangaji, mwenyeji au aliyeshuka treni jana. Mgeni alipelekwa kwake kuandikishwa. Msiba ukitokea, yeye ndiye aliyepita mlango kwa mlango. Baada ya vyama vingi kurudi mwaka 1992, balozi alibaki kuwa kiongozi wa chama kimoja, na hilo ni sawa kidemokrasia, lakini hakuna aliyechukua ile sehemu ya kazi yake iliyokuwa ya watu wote. Ofisi ya serikali ya mtaa tunaiendea tukitaka barua ya utambulisho.

Wakati huohuo watu wameongezeka. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu takriban watu milioni 2.29 katika mkoa wa Tabora, na ile ya mwaka 2022 ilihesabu takriban milioni 3.39. Watu milioni 1.1 wameongezeka ndani ya miaka kumi, na hatuna chombo hata kimoja ambacho mtu anaingia ndani yake kwa sababu tu anaishi hapo. Kikundi cha Katibu kiliziba pengo kwa namna kilivyoweza. Mimi sikilaumu kikundi. Nashangaa tu kwamba tunawatafuta wenye roho mbaya mahali ambapo pana kiti kisicho na mtu tangu miaka ya 1990.

Muuguzi wa Zamani, Nzega

Shikamooni wazee wangu. Nimewasoma wote wawili kwa makini, na kuna watu ambao sijawaona katika maelezo yenu.

Mimi nilikuwa binti wakati sungusungu wanaanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980, katika vijiji vya Kahama na huku kwetu Nzega. Wizi wa ng'ombe ulikuwa umewachosha watu, na polisi walikuwa wachache na mbali. Kila kijiji kikachagua mtemi wake wa sungusungu, katibu wake na makamanda wake, wanaume wakalala nje na pinde na mishale, na filimbi ikilia kijiji hiki, kijiji cha pili kinaamka na kuziba njia. Wizi ulipungua, hilo sitalipinga. Anayetamani jamii yenye kanuni moja inayoheshimiwa na wote hatapata mfano ulio bora kuliko huo.

Sasa tuitazame adhabu yake. Mkosaji alitozwa faini, na asipotii alitengwa. Kutengwa maana yake ni kwamba hakuna wa kumsalimu, hakuna wa kumpa moto wala chumvi, hakuna wa kuja kumsaidia kulima, na akifiwa hakuna wa kushika jembe. Adhabu hiyo ilimshinda mtu ndani ya majuma machache. Katika mji wa leo haiwezi kumshinda yeyote, kwa sababu chumvi iko dukani na vibarua wa kuchimba kaburi wanalipwa. Hapo nakubaliana na Katibu kuhusu faini yake.

Lakini ni nani waliotengwa? Baadhi walikuwa wezi kweli. Wengine walikuwa bibi vizee, wajane wengi wao, ambao macho yao yalikuwa mekundu kwa miaka ya moshi wa kuni, na mtoto wa jirani alipokufa kwa malaria wao ndio walionyooshewa kidole kuwa wachawi. Wapo waliofukuzwa wakaacha mashamba, na mashamba hayo hayakukaa bila mwenyewe kwa muda mrefu. Wapo waliouawa kwa panga usiku, katika mkoa huu na mikoa ya Shinyanga na Mwanza. Mimi nimewafunga vidonda waliosalimika, na nimewasikia majirani waliokuja kuwajulia hali wakinong'ona mlangoni kwamba huenda kulikuwa na ukweli kidogo. Kanuni za pamoja zilikuwapo, na mshikamano ulikuwapo. Bibi yule ndiye aliyekuwa nje yake.

Kwa sababu hiyo mimi siidharau katiba yenye muhuri. Mjane aliyelipa ada yake hahitaji kupendwa ili azikwe. Anaweza kuwa mkali wa maneno, anaweza kuwa na macho mekundu, anaweza kuwa na ugomvi na nusu ya mtaa, na turubai litakuja, kwa sababu jina lake liko kwenye daftari. Bibi zetu hawakuwa na kitu cha namna hiyo. Na Mjukuu wa Mpagazi anajua kwamba hata zamani uanachama wa kulipia haukuwa mgeni: kujiunga na vyama vya kimila kama Waswezi wa mizimu au Wayeye wa nyoka kulikuwa na kiingilio na mafunzo yake, na aliyeingia alipata ndugu ambao si wa tumbo moja. Tatizo la kikundi cha Katibu, kwa maoni yangu, liko katika ile miezi sita na katika kiasi cha ada. Kuandika wajibu si kosa.

Mpangaji, Isevya

Heshima kwenu wakubwa zangu. Niseme kwa niaba ya wapangaji, kwa kifupi.

Mimi ni mtu wa Sikonge, nafanya kazi hapa mjini, na kodi ya chumba nalipa kwa miezi mitatu mitatu. Kwenye simu yangu kuna makundi manne ya misiba: la kazini, la jumuiya ya kanisani, la ukoo na la kijijini kwetu. Nikifa leo, nitasafirishwa hadi Sikonge na nitazikwa na watu wengi. Kwa hiyo sikubali kwamba vijana hawana pa kuwa. Tunapo, ila hapako mahali tunapolala, na fedha zetu za kuzikana zinakwenda huko tunakotarajia kuzikwa. Inawezekana kabisa hata yule fundi alikuwa mwanachama mwaminifu wa kikundi fulani kule Kasulu.

Jambo la pili ni kiingilio. Nilipouliza habari za kikundi cha mtaa ninaoishi, niliambiwa nilipe ada, na juu yake nilipe sehemu yangu ya masufuria na viti vilivyonunuliwa kabla sijafika. Mwenye nyumba wangu hakuwahi kuulizwa, maana yeye ni mwasisi. Halafu kwenye mkutano mpangaji anasikiliza tu, hapigi kura ya kubadilisha katiba mpaka atimize mwaka. Mwaka wenyewe wengi wetu hatuumalizi katika nyumba moja.

Katibu wa Kikundi, Tabora Mjini

Nawashukuru nyote. Mwalimu amehisi sawasawa kuhusu kijiwe. Ni chini ya mwembe huo, na marehemu ndiye aliyekuwa akiwawekea vijana wale kofia zao na akiba yao ya siku. Kuhusu kiingilio cha vifaa, hata kwetu kipo, na kwa kuwa ni mimi ninayekusanya najua kwamba kinawarudisha wengi mlangoni.

Kuna mwanachama aliyependekeza kwamba kila ada ikatwe shilingi 200, ziwekwe katika mfuko wa kuwazika wasio wanachama. Wanaopinga hawalalamikii fedha. Wanasema kwamba tutakuwa tumetengeneza daraja la watu wanaozikwa kwa sadaka, na kwamba familia nyingine zitakataa turubai letu kwa aibu. Sijui kama wanasema kweli au ni njia ya kukwepa. Je, yupo aliyewahi kuishi mahali ambapo mtu alihesabiwa kuwa wa hapo bila ada na bila ukoo?

Mzaliwa wa Ulyankulu

Ndugu Katibu, mimi nimeishi mahali hapo, ingawa sikushauri mtu aingie kwa njia tuliyoingilia sisi.

Wazazi wangu walikimbia Burundi mwaka 1972 na wakaletwa Ulyankulu, katika msitu wa miombo ambao serikali ilikuwa imeutenga kwa makazi ya wakimbizi. Walipewa jembe, mbegu na kipande cha pori. Hawakutoka kilima kimoja. Jirani wa kulia alikuwa wa mkoa mwingine wa Burundi, wa kushoto alikuwa Mprotestanti na sisi Wakatoliki, na kila mmoja alikuwa amezika au ameacha bila kuzika watu wake njiani. Ukoo haukuwapo wa kutosha kumzika mtu. Kutoka nje ya makazi kulihitaji kibali, kwa hiyo hata kama ulikuwa na ndugu Katumba au Mishamo, makazi mengine ya wakimbizi kama letu, msiba wako haukuweza kumngojea.

Tuliishi kwa barabara zenye namba, na barabara ndiyo iliyozika. Katika barabara yetu hapakuwa na ada wala faini ya fedha, kwa sababu fedha hazikuwapo. Palikuwa na zamu ya kuchimba kaburi, nyumba kwa nyumba, na nyumba iliyofika jana iliingia kwenye zamu leo. Baba alikuwa akisema kwamba zamu ndiyo iliyomfanya alijue jina la kila mtu, kwa kuwa huwezi kushinda shimoni na mtu tangu alfajiri mkapokezana sururu bila kujua anaitwa nani. Baadaye, tumbaku ilipoleta fedha na baadhi wakafungua maduka, wapo waliojaribu kutuma kijana wa kulipwa awachimbie. Walikataliwa. Asiyefika hakudaiwa kitu. Alipangiwa kaburi linalofuata, na kama hakufika tena, lililofuata. Namkumbuka mfanyabiashara mmoja mwenye lori aliyechimba makaburi mfululizo mpaka akazoea kufika zamu yake.

Nisiseme kwamba karatasi haina maana, kwa sababu nakubaliana na mama wa Nzega. Kwa zaidi ya miaka thelathini tulilima, tukauza tumbaku, tukazaa na kuzikana hapo, na bado kisheria tulikuwa wageni ambao wangeweza kuondolewa. Zoezi la kutupa uraia lilipoanza mwaka 2007, mpango wa awali ulikuwa kwamba wanaopewa uraia wahame Ulyankulu, Katumba na Mishamo, watawanywe katika mikoa mingine ili wachanganyike na Watanzania. Kwa nia njema, nadhani, lakini waliopanga hawakuona kwamba tulikuwa tumeshachanganyika na ardhi. Watu waliokuwa wamesubiri uraia kwa hamu walianza kuuogopa. Mpango wa kuhamisha uliachwa, na kufikia mwaka 2014 zaidi ya watu 162,000 wa makazi hayo matatu walikuwa wanapewa vyeti vyao. Karatasi ilituhakikishia kwamba hatutaondolewa. Kuwa wa pale tulikuwa tumeshakupata shimoni.

Kwa hiyo, kuhusu mfuko wa shilingi 200, naungana na wanaopinga, ila kwa sababu tofauti na zao. Mpangaji asiyeweza kulipa kiingilio ana mikono, na mwenye duka anayetuma 5,000 asubuhi anayo pia. Ningependa kujua kama katiba yenu inamruhusu mtu kuwa mwanachama kamili, mwenye kura tangu mwezi wa kwanza, kwa kuingia katika zamu ya kuchimba na kubeba, na kama mkutano wenu ungekubali kuifuta ile faini ili asiyefika mazishi haya apangiwe yanayofuata. Nadhani mtapata upinzani, na hautatoka kwa wapangaji.